UZI: Jumbe za matapeli zinazozunguka Malindi na Lamu, na namna ya kuzikata mapema

#1. Mwanzisha uzi, Malindi

Assalam aleikum, na hamjambo ndugu zangu wa pwani. Mimi ni ajenti wa M-Pesa hapa Malindi mjini, upande wa soko. Naanzisha uzi huu kwa uchungu. Wazee wetu wanakuja dukani na simu sikioni, wanaweka pesa za karo au za mauzo ya samaki, wanazituma palepale, na baada ya muda mfupi wanarudi kuniuliza kama zinaweza kurudishwa. Mara nyingi zimeshatolewa. Basi naandika ninayoyaona, nanyi mtaongeza yenu.

Unaowanasa wengi zaidi hapa kwangu ni ule wa "nimekutumia pesa kimakosa". Unaingia ujumbe unaofanana kabisa na wa M-Pesa: una ule mchanganyiko wa herufi na tarakimu wa muamala, neno Confirmed, kiasi, jina la mtu, tarehe na saa. Tuseme shilingi 3,500. Hujamaliza kuusoma, simu inalia. Anayezungumza ana adabu, pengine analia. Ni pesa za dawa za mamake, amekosea tarakimu moja, tafadhali mrudishie, na hata ukikata mia mbili zako za usumbufu yeye haoni vibaya.

Kwanza angalia ujumbe umetoka wapi. Wa kweli unaingia pale penye jumbe zako zote za M-Pesa, juu pameandikwa MPESA. Wa tapeli unatoka kwa nambari ya kawaida ya simu, hata kama maneno yake ya mwanzo ni hayo hayo. Halafu uliza salio. Usilisome kwenye ujumbe huo. Ingia kwenye menyu yako mwenyewe. Kama halijaongezeka, hakuna pesa iliyoingia.

Na kama kweli pesa imeingia? Hapa ndipo watu wema wanapoumia. Sote tumelelewa kwamba cha mtu ni amana na amana hurudishwa, na tapeli analijua hilo vizuri sana. Usiitume mwenyewe. Mwambie aliyetuma aupeleke ujumbe wake wa muamala kwa 456 ya Safaricom, kampuni yenye M-Pesa hapa Kenya, hao ndio watakaorudisha. Ukimtumia kwa mkono wako, naye akaomba kurudishiwa kule 456, unaweza kujikuta umelipa mara mbili. Wewe usiiguse tu ile pesa mpaka ichukuliwe. Hapo amana yako umeitimiza.

Jambo jingine ambalo nalirudia kwa kila mteja: kupokea pesa hakuhitaji nambari ya siri. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na mpaka leo mpokeaji haweki pini. Kikitokea kidirisha kwenye simu kinachokuomba pini, na mtu sikioni anakwambia weka ili zawadi iingie, soma kilichoandikwa juu yake. Utaona kiasi na jina la anayelipwa. Hiyo ni pesa yako inatoka.

Wapo pia wanaojifanya wahudumu wa kampuni. Laini yako itafungwa leo saa kumi kwa sababu usajili haujakamilika, au kiwango chako cha Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, kinaongezwa, au jina lako limetoka kwenye Hustler Fund, mkopo wa serikali. Safaricom wametangaza mara nyingi kwamba humpigia mteja kwa nambari moja, 0722 000 000. Nambari nyingine ikijiita Safaricom, kata, kisha ipeleke nambari hiyo kwa 333. Ni bure.

Na hili naomba lishikwe sana. Ukiambiwa ubonyeze *33*0000# usibonyeze. Hiyo ni amri ya mtandao inayoweza kufunga simu za kutoka, ili usiweze kumpigia mtu wakati wao wanamaliza kazi yao. Ipo nyingine inayoanza na *21* ikifuatiwa na nambari yao: inahamisha simu zinazokuja kwako ziingie kwao. Aliyekwisha kubonyeza hiyo ya pili apige ##002#, inafuta uhamisho wote. Ya kwanza hufunguliwa kwa #33*0000#, na ikikataa nenda kwenye duka la kampuni.

Katika yote haya matapeli wanakuwekea sharti moja: eti usikate simu. Wanakuzungumzisha tangu nyumbani mpaka kwa ajenti, maana wanajua ukikata utampigia mwanao au utamuuliza jirani, na uongo wao utaishia hapo.

Alikuja kwangu mzee mmoja mvuvi, simu sikioni, elfu kumi na mbili mkononi. Nikamwamkia, akaniitikia kwa kichwa. Nikamuuliza anaweka kwa nambari gani, akaninyooshea kiganja nisubiri, kisha akaanza kunisomea nambari aliyokuwa akisomewa. Nikachukua kipande cha karatasi nikaandika kwa herufi kubwa KATA SIMU BABA, nikakipitisha chini ya wavu. Akakisoma, akanitazama, akakisoma tena. Sauti ya yule mtu ilikuwa ikisikika mpaka kwangu, inamwambia asizungumze na ajenti kwa sababu maajenti ndio wezi. Mzee akakata. Simu ikalia tena na tena juu ya kaunta, tukaiacha ilie. Kisha akampigia binti yake kule Barani, ambaye tapeli alidai amelazwa kwa ajali ya bodaboda na daktari anataka malipo ya mwanzo. Binti alikuwa jikoni anapika.

#2. Mchangiaji, Mambrui

Ahsante dada. Mimi nilipata wa "Mum, simu yangu imeingia maji, hii ndiyo namba yangu mpya, usipige maiki haifanyi kazi, niandikie tu." Wanangu hakuna hata mmoja anayeniita Mum. Nikaipigia nambari ya zamani ya kijana wangu, akapokea yuko kazini Mombasa, simu haina hata tone la maji.

Sasa nyumbani tumewekeana swali. Anayeomba pesa kwa nambari ngeni anaulizwa jambo ambalo halikuwahi kuwekwa Facebook wala kwenye status. Silisemi hapa. Kila familia iwe na lake, na mababu na mabibi walijue.

#3. Mchangiaji, Amu

Huku kwetu Lamu wanakuja kwa njia ya wageni. Mimi naangalia nyumba za kukodisha Shela. "Mgeni" anaandika kwa heshima, familia ya watu wanne, wanataka wiki nzima, hawapunguzi bei hata shilingi. Hiyo peke yake hunishtua, maana mgeni wa kweli huuliza bei, huuliza kama kuna fremu za neti kitandani, huuliza mashua kutoka uwanja wa ndege wa Manda inachukua muda gani. Huyu haulizi chochote. Siku ya pili anatuma picha ya karatasi ya benki kuonyesha amelipa, na amelipa zaidi ya tulivyopatana. Anaomba ile ziada nimtumie "wakala wake wa safari" kwa M-Pesa, leo leo, kwa sababu tiketi za ndege zitapotea.

Picha ya karatasi ya benki si pesa. Pesa ni ile ambayo benki yako inakwambia imeingia kwenye akaunti na unaweza kuitumia. Na hata ikiingia kwa kadi, malipo ya kadi yanaweza kupingwa baadaye na mwenye kadi yakarudishwa, nawe ile ziada umeshaitoa mfukoni mwako. Mimi nimeweka sharti: aliyelipa zaidi atarudishiwa kwa njia ile ile aliyolipia, na si kabla benki haijathibitisha. Matapeli hupotea hapo hapo. Wageni wa kweli hawajawahi kukasirika.

Na kinyume chake pia kipo. Picha za nyumba za Shela zinaibwa na kutangazwa na watu ambao hata Mokowe hawajawahi kufika. Mnaokuja Lamu kwa Maulidi au kwa tamasha, kabla ya kulipa mwambieni mwenye nyumba awapigie simu ya video akiwa ndani ya nyumba, awaonyeshe na mlango wa barazani. Wa kweli atafanya.

#4. Mwanzisha uzi

Kaka wa Amu, hilo la picha ya malipo liwafikie na wenye maduka. Mteja akikuonyesha ujumbe kwenye simu yake kwamba ameshalipa, angalia simu yako wewe au mashine ya till. Akisema mtandao uko chini na ana haraka, bidhaa ibaki kaunta mpaka ujumbe uingie upande wako. Wenye haya ya kumwambia mteja "ngoja kidogo" ndio wanaopoteza mifuko ya mchele.

#5. Mchangiaji, Malindi

Mimi nitasema ukweli. Redio zinasema, kampuni inatuma jumbe, makanisani na misikitini watu wanaambiwa. Mtu mzima akitoa pini yake karne hii ni kosa lake. Tusiwabembeleze.

#6. Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, sikubaliani nawe hata kidogo, na nitakueleza kwa nini.

Mtu akipigiwa na kuambiwa mwanao yuko hospitali anavuja damu, hapo hazungumzi na akili yake ya kawaida. Anazungumza na hofu. Tapeli amechagua saa: mara nyingi ni asubuhi watoto wako shuleni, wakati simu ya mwalimu haipokelewi kwa sababu yuko darasani. Anayo majina, pengine ya shule pia, ameyaokota kwenye picha tulizoziweka wenyewe, kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, kwenye madaftari ya wageni tunayoandika nambari za simu na za vitambulisho kila getini. Wanaotapeliwa hapa kwangu ni walimu, manahodha, wafanyakazi wa benki. Nimeona mwanasheria.

Na haya maneno ya "kosa lake" ndiyo yanayomlinda tapeli. Huku kwetu mtu akitapeliwa hujisitiri. Hamwambii mke, hamwambii mume, wala polisi haendi, kwa sababu anajua atachekwa barazani. Kwa hiyo nambari ile ile, kwa maneno yale yale, inampigia jirani yake kesho, na jirani hajui. Nimeona wateja wawili wa mtaa mmoja wakituma kwa nambari moja. Wa kwanza alikuwa ameshajua kwamba ni wizi, lakini alikaa kimya kwa aibu. Angesema siku ile kwenye grupu la mtaa, wa pili angekuwa na pesa zake. Aibu ni ya mwizi. Mtu akija kwako amelia, mpe kiti, kisha umsaidie kuandika onyo.

Halafu usidhani bado wanaandika vibaya. Zamani tulisema ukiona Kiswahili kibovu ni tapeli. Sasa wanatumia programu za kutafsiri na akili mnemba, wanaandika Kiswahili safi na Kiitaliano safi, na sauti ya mtu inaweza kuigwa kutokana na sauti fupi aliyoirekodi WhatsApp. Lugha haitoshi kuwa kipimo. Kipimo ni anachokutaka ufanye: utume pesa, utoe nambari ya siri, ubonyeze kitu, na uharakishe.

#7. Mchangiaji, Mokowe

Kwa vijana wenzangu: jumbe za kazi. Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lilipofunguliwa Mei 2021 hazijaisha. "Nafasi za makarani na walinzi bandarini, tuma kitambulisho na 1,500 ya usajili." Ofisi ya serikali haitozi ada ya kuajiri, na tangazo lake linakuwa kwenye tovuti yake na magazetini. Kwa kazi za Saudia na Qatar, kabla hujatoa pasipoti yako hakikisha wakala yumo kwenye orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Wakala asiyetaka kutaja nambari yake ya usajili, achana naye.

Ile nyingine ni ya Telegram, unapewa kazi ya kubonyeza "like" kwenye video. Siku ya kwanza wanakulipa kweli, mia mbili, mia tatu. Unafurahi, unawaambia marafiki. Kisha wanasema ili upande ngazi uweke 2,000, halafu 5,000, halafu pesa zako "zimekwama" na unatakiwa ulipe ushuru kuzitoa. Zile mia mbili za mwanzo ni chambo.

#8. Mwanzisha uzi

Umesema vyema. Naongeza WhatsApp, kwa sababu huko ndiko wanakopita sasa kuingia kwenye makundi ya harusi na ya chama.

Rafiki unayemjua kabisa anakuandikia: "Nimekutumia nambari sita kwa bahati mbaya, nisomee." Zile nambari sita ndizo ufunguo wa WhatsApp yako wewe. Ukizisoma, akaunti yako inahamia kwenye simu yao, na dakika chache baadaye wanakuandikia jamaa zako wote kwa jina lako na picha yako kwamba una shida ya elfu tano mpaka jioni. Yule rafiki yako ameshaibiwa yake, hajui.

Ingieni kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, muwashe uthibitisho wa hatua mbili. Unachagua pini yako ya tarakimu sita na unaweka barua pepe. Hata zile nambari wakizipata, hawaingii bila hiyo pini. Aliyekwisha kuibiwa aisajili upya nambari yake kwenye simu yake mwenyewe. Akiweka nambari sita mpya zitakazoletwa kwa SMS, mwizi anatolewa nje. Ikiombwa pini ambayo mwizi ameiweka, itabidi usubiri siku 7, lakini mwizi naye anakuwa ameshatoka. Wakati huo wapigie jamaa kwa simu ya kawaida uwaambie.

Kuhusu zile linki za "data ya bure ya Ramadhani", "msaada wa serikali", "maadhimisho ya miaka kadhaa ya kampuni fulani": zina alama moja isiyopotea. Zinakuambia utume kwa makundi kumi au kumi na mawili kabla ya kupata zawadi. Hakuna kampuni inayogawa kitu kwa sharti hilo. Na jinsi ya kuisoma linki: tafuta mkwaju (/) wa kwanza ulio peke yake baada ya ile miwili ya mwanzo, kisha soma kilicho mara kabla yake. Hapo ndipo lilipo jina la mwenye tovuti. Tovuti za serikali ya Kenya zinaishia na .go.ke hapo. Jina la kampuni unayoijua likiwa mwanzoni lakini mwishoni kabla ya mkwaju kuna neno geni, hiyo si ya kampuni hiyo. Kadi ya harusi nayo huja kama picha au PDF. Ikija faili inayoishia na .apk ni programu, usiifungue hata kama imetoka kwa shangazi.

#9. Mchangiaji, Tanga

Nasoma kutoka upande wa pili wa mpaka, nina ndugu Malindi na Kipini. Kwetu wimbo ni "ile hela tuma kwenye namba hii", unakuja wakati kuna mtu anayekudai kweli, ukadhani ni yeye. Tanzania tunaripoti kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040, kisha unatuma nambari iliyokuandikia. Na *106# inakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

#10. Mwanzisha uzi

Karibu sana. Hapa Kenya pia *106# inafanya kazi hiyo hiyo. Ukiona laini usiyoijua kwa jina lako, nenda dukani kwa kampuni ukaikane, maana uhalifu ukifanywa kwa laini hiyo wewe ndiye utakayetafutwa. Na wenye Safaricom pigeni *100*100#, laini yako isiweze kubadilishwa kwa ajenti yeyote ila kwenye duka lao wenyewe ukiwepo na kitambulisho. Hii inazuia wale wanaobadilisha laini ya mtu usiku na kufagia akaunti ya benki kabla hajaamka. Ukiona simu yako imekosa mtandao ghafla na ya jirani inao, usilale. Tafuta simu nyingine upige benki.

#11. Mchangiaji, Watamu

Dada mimi nimeshatuma. Jana, 8,000. Nifanye nini?

#12. Mwanzisha uzi

Pole sana, na umefanya vizuri kusema.

Ujumbe wa muamala uupeleke 456 sasa hivi hata kama siku imepita. Kama pesa bado zimo kwenye laini ile zinaweza kuzuiwa; zikiwa zimetolewa hazirudi kwa njia hiyo, lakini rekodi itabaki. Nambari ile ipeleke 333. Kisha nenda kituo cha polisi uandikishe, uchukue nambari ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio. Usifute ujumbe wala rekodi ya simu, polisi watauhitaji. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, kwa hiyo hili ni kosa la jinai, usikubali kuambiwa ni mambo ya kuelewana. Ukiulizwa na mtu yeyote kuhusu pini, hata akijiita afisa, usiitaje. Na kama uliitaja jana, ibadilishe kabla hujamaliza kusoma hapa.

Jambo moja zaidi, nakuomba sana. Siku hizi mbili tatu utapigiwa na mtu anayejua ulichopoteza. Atasema yuko kwenye kitengo cha kurudisha pesa, au ni "hacker" anayeweza kuzivuta, kwa ada kidogo. Ni wale wale au wenzao. Hakuna anayerudisha pesa kwa kutanguliza ada.

#13. Mchangiaji, Gede

Na bibi yangu mwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, hana WhatsApp, hasomi sana?

#14. Mwanzisha uzi

Mhifadhie nambari zenu kwa majina kwenye ile simu, na umfundishe jibu moja la kumpa yeyote anayetaja pesa: "Zungumza na mwanangu," kisha akate. Asiombe radhi wala asieleze. Mpitishe pia kwa ajenti wake wa karibu, umtambulishe, mwachie ajenti nambari yako. Mimi ninazo nambari za watoto wa wateja wangu wazee zimebandikwa ndani ya kaunta, kwa ruhusa yao, na nimezitumia.

Maajenti wenzangu wa Malindi, Watamu, Mambrui na Amu, wekeni hapa chini maneno ya jumbe mlizoonyeshwa wiki hii, neno kwa neno, mkiwa mmefuta majina na nambari za wateja. Nitaanza na ya asubuhi ya leo: "Hongera, laini yako imechaguliwa kwenye droo, piga namba hii kabla ya saa sita kupokea 50,000."